Mama Kwaruza na Namba ya Utelezi

Jina lake kamili, ukilitaja kama linavyostahili kutajwa, ni Mama Kwaruza wa Brashi Mbili, binti wa Msukuma Mkokoteni aliyeteremsha sefu ya chuma kutoka kilimani bila breki na bila kukwangua rangi ya ukuta wa mtu, mjukuu wa Bibi Jiwe aliyesaga unga wa harusi kumi na saba kwa jiwe moja, akalichonga upya mara tatu kwa sababu lilikuwa limelainika, na jiwe laini halisagi kitu. Yeye mwenyewe amesugua sakafu za hospitali ya uzazi miaka thelathini na mmoja. Ameng'oa damu kwenye sementi, ameng'oa dawa ya zambarau ambayo hata walioileta walisema haitoki, amewaaga wakurugenzi watano, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyeanguka kwenye sakafu yake ila daktari mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa amechapa maji hadi hata akiwa amekaa alikuwa anaanguka.

Ule ukoo wao ulikuwa ukoo wa watu wa mikwaruzo. Hawakusoma sana, lakini walijua jambo moja kwa mikono yao: vitu viwili vikigusana, kuna ubishi kati yao, na ubishi huo ndio unaomsimamisha binadamu. Ukiuondoa, mtu hawezi hata kutembea kwenda kuuliza nani kauondoa.

Mkurugenzi wa sita alikuja na koti la vifungo vya dhahabu na chupa ndogo ya kupulizia viatu. Wiki ya pili tu wauguzi walikuwa wameshampa jina, Bwana Kioo, kwa kuwa hakupita mbele ya dirisha bila kujisalimia. Mtu wa maneno mazuri. Akikwambia "asubuhi njema" unahisi umepewa cheti.

Jambo la kwanza alilolichukia ni sementi.

"Hii ni hospitali au ghala la mbolea?" aliuliza kwenye kikao, wafanyakazi wote wamesimama. "Nataka sakafu ambayo mgeni akiingia anaona uso wake."

"Mgeni wetu anakuja na uchungu," mkunga mkuu akasema. Mkunga mkuu alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye mikono iliyopokea nusu ya mji. "Uso wake hana haja nao kwa saa hizo."

Watu walicheka, naye Bwana Kioo akacheka kidogo ili aonekane mtu wa watu, halafu akaagiza vigae.

Vikaja vigae vyeupe, vikubwa, sentimita sitini kila upande, vinang'aa kama meno ya tangazo. Mafundi wakavitandika korido nzima. Walipofika kwenye mteremko, wakasimama. Mteremko ule ndio unaounganisha wodi ya wazazi juu na chumba cha upasuaji chini. Ulijengwa zamani na mtu mwenye akili, akauchora mistari kwenye sementi ikiwa bado mbichi, mistari ya kukata njia kama mgongo wa samaki, ili magurudumu na nyayo vipate pa kushika.

Mama Kwaruza alimkuta fundi kachuchumaa pale, kigae mkononi. Akavua kandambili, akaweka kisigino juu ya kile kigae, akasukuma mbele kidogo, akarudisha.

"Baba, hiki si cha hapa," akasema.

"Mama, mimi nimeambiwa niweke," fundi akasema. "Ningeambiwa niweke sahani za chai, ningeweka."

Kwa bahati mbaya Bwana Kioo alikuwa anapita. Akaona kisigino cha mwanamke wa usafi juu ya kigae chake kipya, kisigino chenyewe kina nyufa za miaka sitini.

"Mama, kuna nini?"

"Mkurugenzi, kigae hiki ni cha ukutani. Hapa kuna mteremko na kuna maji. Acha sementi."

"Wewe umesomea ujenzi?"

"Nimesomea hadi darasa la saba. Lakini sakafu nimeisomea miaka thelathini na mmoja, kwa magoti."

"Basi endelea na magoti," akasema Bwana Kioo kwa sauti yake ile tamu, "mambo ya kichwa tuachie sisi." Akaondoka na watu wake, nao wakatikisa vichwa kumsifu, maana hawakulipwa kwa kazi nyingine.

Mteremko nao ukawekwa vigae, na juu ya vigae akaongeza amri. Zamani Mama Kwaruza alikuwa na utaratibu wake: anapiga deki nusu ya upana wa korido, upande wa kulia, anaacha kushoto pakavu watu wapite. Kulia pakikauka, anahamia kushoto. Utaratibu ule alipewa na mwanamke aliyemtangulia, ambaye naye alipewa na aliyemtangulia yeye, na hakuna karatasi iliyouandika. Bwana Kioo akauona ni wa kishamba. Sakafu nusu inang'aa, nusu imefifia! Akaagiza korido yote na mteremko wote upigwe deki kwa mkupuo, mara tatu kwa siku, na mara ya tatu iwe saa tisa na nusu kamili, ili wageni wa saa kumi waikute sakafu inametameta.

Ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi inafika, wageni wanaingia na vikapu, wanatembea kama kuku waliokanyaga gundi, wameshikilia ukuta. Mgeni alikuwa anauona uso wake kweli, na uso wenyewe umejaa hofu.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja aliyekuwa anapelekwa upasuaji kwenye kitanda cha magurudumu. Msukuma kitanda akakanyaga vibaya juu ya mteremko, akakaa kitako, kitanda kikaendelea na safari peke yake. Kiliteremka na yule mama juu yake anapiga kelele kubwa kuliko za uchungu, kikapita ofisi ya kumbukumbu, kikagonga mlango wa duka la dawa, mlango ukafunguka. Mfamasia akaona mteja kaja amelala. Mtoto alizaliwa salama dakika ishirini baadaye, na bibi yake aliapa kwamba huyo atakuwa dereva. Watu walicheka, kwa kuwa hakuna aliyeumia.

Wa pili alikuwa mkunga mkuu. Yeye hakuna aliyecheka. Alikuwa anakimbia, saa tisa na dakika arobaini, ameitwa chini, na alipoanguka aliweka mkono. Mfupa wa kifundo cha mkono ulivunjika kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Mkono uliopokea nusu ya mji.

Bwana Kioo alitafakari jambo hilo kwa siku nzima, kisha akachukua hatua mbili. Ya kwanza, aliagiza viatu. Jozi arobaini za viatu vipana, soli zake kama sinia, wafanyakazi wote wavae. "Ni sayansi," alieleza. "Soli ikiwa pana, inashika eneo kubwa, haitelezi." Wauguzi wakawa wanatembea kama bata. Watatu zaidi wakateleza ndani ya wiki ileile, ila sasa walikuwa wanateleza na eneo kubwa.

Ya pili ilikuwa barua. Ilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya zamu, kila mtu aione kabla ya mwenyewe kuiona. Ilisema kwamba mfanyakazi wa usafi anayefahamika ametumia sabuni kupita kiasi, amesababisha madhara mwilini kwa mtumishi mwenzake, na ana siku saba za kujieleza kwa nini asiachishwe kazi kwa uzembe. Ijumaa, saa nne, mbele ya mwenyekiti wa bodi.

Mama Kwaruza aliisoma akiwa na ndoo mkononi. Akaisoma tena. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Kufukuzwa angeweza kukumeza, alishameza mengi. Alichoshindwa kukimeza ni kutoka kwenye lile geti kama yule aliyemvunja mkunga mkono. Watoto wake wanne wote walipokelewa na mkono ule.

Nyumbani aliishi na wifi yake, mjane wa kaka yake, mwanamke mrefu wa ulimi mrefu zaidi. Walikuwa wamezoeana kwa ugomvi wa kila siku hadi siku wasiyogombana majirani walikuja kuuliza kama kuna mgonjwa. Wifi alisikiliza habari yote, akakoroga chai.

"Kwani sabuni uliweka kiasi gani?"

"Kifuniko kimoja kwa ndoo. Kama siku zote."

"Sema kweli, wifi. Mkono wako mzito hata kwenye chumvi."

"Toka hapa! Mchuzi ndio nakoleza, sakafu sikolezi."

"Basi waambie hivyo."

"Nikiwaambia watasema nini? Mimi nina mdomo, wao wana barua." Akatazama meza. "Ninataka kuwapa kitu cha kuandikika. Lete futi yako ya kushonea."

Baba yake, yule Msukuma Mkokoteni, hakupakia mzigo wowote bila kuupima. Aliweka gunia juu ya ubao, akainua ubao upande mmoja taratibu, na pale gunia lilipoanza kuteleza aliweka alama ya mkaa ukutani. Magunia ya nafaka yalikuwa na alama yake, makreti ya chupa alama yao, mizigo ya nailoni chini kabisa, maana nailoni haina haya, inateleza ukiitazama tu. Alama ikiwa chini, anaufunga mzigo kwa kamba mara mbili. Hakujua kuandika jina lake, lakini ule ukuta wake ulikuwa daftari.

Mama Kwaruza alikwenda kwa fundi wa vigae, akapewa kigae kimoja kilichobaki. Fundi alimpa haraka haraka na kutazama nyuma, kama anayeuza kitu cha wizi. Akakiweka mezani. Akachukua kiatu chake cha kazini, kile cha zamani cha soli ya mpira, akakijaza mchanga uliofungwa kwenye mfuko. Akakiweka juu ya kigae, akaanza kuinua upande mmoja.

"Wifi," akasema wifi, "ukimaliza kukilaza kiatu, nikiimbie?"

"Shika futi, acha kelele."

Kigae kikapanda, kikapanda, kiatu kimeng'ang'ania. Kikafika mahali kiatu kikatetemeka, kikaondoka ghafla, kikaanguka kwenye bakuli la mchele.

"Sentimita thelathini na moja juu," wifi akasoma. "Na chini, mezani, hamsini na moja."

"Andika."

Kisha akamwagia kigae maji matupu ya mtungi, bila hata harufu ya sabuni. Akaweka kiatu. Akainua. Alikuwa amefika upana wa kiganja na kidogo tu, kiatu kikaondoka, tena safari hii bila kutetemeka, kama mtu anayetoka kikaoni kimyakimya.

"Kumi na mbili," akasema wifi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Chini hamsini na tisa."

"Rudia."

Wakarudia mara sita. Kumi na mbili, kumi na moja na nusu, kumi na mbili. Wakatia sabuni kifuniko kimoja kwa ndoo: kumi na moja. Sabuni ilikuwa imeongeza senti tu kwenye deni lililokwisha kufanywa na maji. Halafu wakabeba bao la sementi lililokuwa mlangoni, lile la kukanyagia wakati wa mvua, wakaligombania hadi likafika mezani. Kavu, kiatu kilishika hadi mikono ikachoka. Likiwa na maji, namba ilishuka kidogo tu.

Mama Kwaruza akakaa na penseli. Alikomea darasa la saba, lakini kugawanya alifundishwa kwa fimbo na hakusahau. Thelathini na moja kwa hamsini na moja: sita kwa kumi. Kumi na mbili kwa hamsini na tisa: mbili kwa kumi. Akaziandika kubwa kwenye karatasi ya kufungia sukari.

"Sasa hizo namba zinaitwaje?" akauliza wifi.

"Sijui zinaitwaje. Ila zinasema ukweli."

Ijumaa ilipofika, Bwana Kioo hakuja mikono mitupu. Alikuwa ameleta mpimaji, mtu mwembamba wa miwani, mwenye sanduku la bluu. Mpimaji alikuwa amekwisha kupima sakafu Jumatano, na taarifa yake ilikuwa mezani, imepigwa mhuri. Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu mstaafu aliyekuwa na desturi ya kusahihisha barua za watu kwa kalamu nyekundu, akaisoma kwa sauti.

"Sakafu imepata sita kwa kumi. Inafaa kwa matumizi."

"Kwa hiyo," akasema Bwana Kioo, akifungua mikono kama anayefungua pazia, "sakafu haina kosa. Basi kosa liko kwa nani?" Akamtazama Mama Kwaruza kwa huruma ya bei ghali. Mkunga mkuu alikuwa amekaa pembeni, mkono kwenye plasta, uso kama mlango uliofungwa. Alikuwa hajaongea na Mama Kwaruza tangu siku ile, na hilo ndilo lililomuuma kuliko barua.

"Mama, una la kusema?" akauliza mwenyekiti.

Mama Kwaruza akasimama. Akatoa karatasi ya sukari, akaikunjua. Kwanza alimgeukia mpimaji.

"Mwanangu, hiyo sita kwa kumi yako, hata mimi niliipata. Nyumbani, kwa kiatu na futi ya kushonea."

Watu wakaguna. Mpimaji akainuka nusu kwenye kiti.

"Uliipataje, mama?"

Akaeleza: kigae, kiatu, mchanga, kuinua, kugawanya kimo kwa kitako. Mpimaji alisikiliza huku mdomo wake unafunguka taratibu.

"Ni sahihi," akasema. "Ni kitu kilekile. Mimi navuta uzito kwa mizani, nagawanya nguvu ya kuvuta kwa uzito wenyewe. Yeye anainua hadi kiatu kiteleze. Namba inatoka moja. Hiyo ndiyo namba ya msuguano."

"Asante. Sasa niambie, Jumatano ulipima sakafu ikiwa kavu au ina maji?"

Mpimaji akatazama miguu yake.

"Kavu."

"Kwa nini?"

"Niliomba maji, mama. Niliambiwa na ofisi kwamba asubuhi sakafu hukauka mapema, haina haja."

Mwenyekiti akafungua kofia ya kalamu yake nyekundu. "Aliyevunjika mkono alivunjika saa ngapi?"

"Saa tisa na dakika arobaini," akasema mkunga mkuu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Ikiwa imepigwa deki dakika kumi kabla. Yote. Kwa amri."

Bwana Kioo akakohoa. "Mwenyekiti, tusiingie kwenye mambo madogo madogo ya maji..."

"Tutaingia," akasema mwenyekiti, "tena kwa miguu. Twendeni mteremkoni."

Basi likatoka kundi zima. Mpimaji akafungua sanduku. Ndani mlikuwa na tofali la chuma lenye soli ya mpira chini, ndoano mbele, na mizani ya kuvuta. Uzito wake kilo nne. Akaliweka juu ya kigae kikavu, pale korido ilipo tambarare, akavuta polepole. Mizani ikapanda hadi kilo mbili na nusu kasoro, tofali likaanza kwenda, mshale ukarudi nyuma kidogo.

"Angalieni hapo," akasema, sasa amechangamka, maana hakuna aliyewahi kumtaka aeleze. "Kuanza kunahitaji nguvu zaidi. Likishaanza kwenda, linahitaji kidogo."

"Kama mkurugenzi," msukuma kitanda akanong'ona nyuma. "Kumtoa kitini kazi, akianza kuongea hasimami."

Mama Kwaruza akaleta ndoo. Maji ya bomba, matupu. Alimwita mwenyekiti ayaonje, na mwenyekiti, mtu wa uthibitisho, aliyaonja kweli. Akayamwaga kigaeni. Tofali likawekwa, likavutwa. Mizani haikufika hata kilo moja.

"Mbili kwa kumi," akasema mpimaji. Akavua miwani, akaifuta. "Mtu anayetembea njia tambarare anahitaji kama nne, kwa uchache. Kwenye mteremko kama huu, zaidi. Na mtu anayekimbia..." Alikuwa ameuona mkono wa mkunga.

"Hiyo ni bila sabuni," akasema Mama Kwaruza. "Sasa tia sabuni yangu."

Akatia kifuniko kimoja kwenye ndoo. Tofali likavutwa. Mbili kasoro kidogo. Wakaenda kwenye kipande cha sementi ya zamani kilichobaki bila vigae karibu na jiko, wakamwaga maji yaleyale ya sabuni. Tano na nusu.

Mpimaji akaiandika. Ila Bwana Kioo hakuwa mtu wa kuziachia namba neno la mwisho.

"Nakubali kuna changamoto," akasema. "Lakini tumeshaichukulia hatua. Viatu vipana. Eneo likiwa kubwa..."

"Samahani mkurugenzi," mpimaji akamkatiza, na ilionekana si mara nyingi alimkatiza mtu. Akachukua tofali jingine lililovikwa mpira pande zote, akalivuta limelala, upande mpana chini. Akaonyesha mizani. Akalisimamisha kwa upande mwembamba, akalivuta tena. Mizani ikasema vilevile. "Upana haubadilishi kitu. Uzito ni uleule, umetawanywa tu. Kinachobadilisha ni vitu gani vinagusana, na kuna nini katikati yao."

Watu wote, kwa pamoja, wakaitazama miguu yao. Jozi arobaini za sinia. Muuguzi mmoja akaanza kucheka, akajaribu kukiziba kicheko kwa kiganja, kikatokea puani.

"Basi suluhisho ni rahisi," akasema Bwana Kioo. Uso wake ulikuwa umepata rangi. "Maji ndiyo tatizo. Tupunguze maji. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kikavu."

"Hospitali ya uzazi?" akasema mkunga mkuu. Akasimama. "Damu tufute kwa kitambaa kikavu? Mkurugenzi, umewahi kuona mtu anazaa?"

Hakuwa amewahi. Lilikuwa swali la kweli, na jibu lake lilikaa usoni pake hadharani.

Mwenyekiti aliandika hapohapo, karatasi imewekwa juu ya mgongo wa msukuma kitanda. Vigae vya mteremko ving'olewe kabla ya mwezi kwisha, sementi irudi na mistari yake. Kupiga deki nusu kwa nusu, kama zamani. Barua ya onyo ifutwe. Bwana Kioo akapendekeza ifutwe kwa kuwekwa kwenye faili, kimya, kwa heshima ya pande zote.

"La," akasema Mama Kwaruza. "Haikuandikwa kwenye faili. Iliandikwa ubaoni. Ifutwe ubaoni, na muifute mbele yangu, na maneno yawe yanasomeka kwa asiye na miwani."

Mwenyekiti akamtazama, kisha akamtazama Bwana Kioo. "Umesikia. Na herufi ziwe kubwa."

Mkunga mkuu alipomfikia hakusema pole wala samahani. Si mtu wa maneno hayo. Alimwegemea tu bega kwa ule upande wa plasta, akasema, "Mwezi ujao wanaifungua hii. Utanishikia kikombe cha chai hadi nizoee?"

"Nitakushikia. Lakini sukari utie mwenyewe, mimi mkono wangu mzito."

Barua mpya ilibandikwa Jumatatu. Bwana Kioo aliiandika mwenyewe, na ndani yake, kwa ustadi wa aina yake, ilionekana kwamba yeye ndiye aliyegundua utelezi. Mteremko aliuita "mradi wa usalama wa mkurugenzi". Wafanyakazi waliisoma, wakacheka hadi wakakaa chini. Mama Kwaruza hakujali. Jina lake lilikuwa pale, safi, kwa herufi kubwa, na chini yake maneno "hana kosa lolote". Mengine yalikuwa koti la vifungo.

Ila lilibaki jambo moja. Korido tambarare ilibaki na vigae vyake, bodi haikuwa na ubavu wa kung'oa yote. Mwenyekiti akaagiza ipimwe kila wiki, ikiwa imelowa, na atakayepima awe mtu wa ofisini mwenye kutia sahihi. Hakusema ni nani. Mama Kwaruza akaona amtaje yeye.

Alimkuta Bwana Kioo koridoni, anajitazama kwenye kioo cha dirisha la mapokezi. Akaweka chini ndoo. Akatoa kile kiatu chake cha mpira chenye mfuko wa mchanga, kamba imefungwa mbele, na mizani ndogo ya ndoano aliyoinunua sokoni kwa wauza nyama.

"Shikamoo mama," akasema Bwana Kioo. Hakuwahi kumwamkia hivyo kabla.

"Marahaba, mwanangu. Pokea."

Akapokea bila kutaka, kama mtu anayeshikishwa mtoto wa jirani.

"Kiatu kina kilo nne na nusu, nimekipima mara tatu. Kila Jumatatu saa mbili, kabla hujakaa. Maji unamwaga mwenyewe, usimtume mtu. Mtu akitumwa anamwaga kidogo. Unavuta polepole, hapa, hapa, na pale mlangoni. Unasoma mizani, unagawanya kwa uzito. Ikishuka chini ya nne kwa kumi, unasimama hapohapo na unazuia watu kwa mikono yako hadi pakauke. Halafu unaandika."

"Kila Jumatatu?"

"Kila Jumatatu. Mimi nabaki miezi minne, nitakuwa hapa nikikutazama. Nikiondoka, mkunga atatazama."

Bwana Kioo akaitazama sakafu, halafu viatu vyake vilivyopulizwa, halafu ndoo.

"Na mimi mwenyewe nikiteleza?"

"Utaandika saa," akasema Mama Kwaruza, akamsogezea ndoo kwa mguu. "Anza. Leo Jumatatu."